Ripoti ya Rangi Tatu

Kiti hakuweza kutofautisha nyekundu na kijani, na kazi yake ilikuwa kuuza leso.

Hilo ndilo tatizo, na nyuma yake hapakuwa na jingine. Angelitamka mapema, watu wawili wangeokoa pumzi zao na hadithi hii isingekuwepo. Hakulitamka. Alilificha miaka kumi na mmoja, katika duka la jumla la Bwana Khubaib, Biashara Street, Mombasa, mahali ambapo mtoto wa miaka mitano akipita mlangoni husimama kushangaa rangi.

Mtu atauliza aliwezaje. Aliweza kwa kichwa. Ghala lote alilipanga mwenyewe, rafu kwa rafu. Leso alizijua kwa jina lililoandikwa chini, kwa umbo la pindo, na kwa mahali zilipolala. Mteja akisema, "Nipe ile ya kijani yenye korosho," mkono wa Kiti ulikwenda rafu ya tatu, fungu la pili kutoka ukutani, nao haukukosea. Ole wake atakayehamisha fungu hilo. Wenzake walisema Kiti ana kichaa cha usafi. Hakuwa na kichaa chochote. Alikuwa na woga, maana alijua swali litakaloulizwa siku watakapojua: mwuza leso asiyejua rangi ni wa nini dukani?

Aliyejua alikuwa mmoja, Ogutu mpakiaji, na Ogutu hakuambiwa. Aliona tu, akanyamaza. Ni mtu wa namna hiyo.

Sasa, Jumamosi moja ya mwezi wa Novemba Kiti alikwenda stendi ya mabasi ya Mwembe Tayari kupokea kifurushi cha sampuli kilichotumwa kwa basi kutoka Nairobi. Basi lilikuwa limefika wakati huohuo. Abiria wanashuka na shingo zimepinda kwa usingizi, wabebaji wanavuta mizigo isiyo yao, muuza mayai anapita katikati kama vile hakuna watu. Katika vurugu hilo alisimama mwanamke mmoja mrefu, nywele kazikata fupi, viatu vya raba vyeupe, na gauni la njano. Njano Kiti aliiona vizuri. Aliiona vizuri mno, akasahau kifurushi.

"Kaka," yule mwanamke alimwambia, "una mikono? Nitolee sanduku langu, lile jekundu, kabla hawa hawajaligawana."

Kwenye buti la basi masanduku mawili yalikaa ubavu kwa ubavu, ukubwa mmoja, kampuni moja. Kiti aliyatazama. Yote mawili yalikuwa na rangi ya udongo wa mfinyanzi. Mwanamume mwenye akili angeuliza. Kiti alichomoa moja kwa madaha, akalitwika begani, akaanza kutembea.

Hakufika mbali. Mama mmoja mnene alimkamata ukosi wa shati.

"We bwana, wanipelekea wapi sanduku langu?"

"Samahani, mama. Nimetumwa."

"Umetumwa na nani, na mimi ndiye mwenyewe?"

Watu walianza kusogea, na pale stendi watu wakisogea jambo laweza kuwa baya. Yule wa gauni la njano aliingia kati, akiomba radhi kwa niaba ya mtu asiyemjua, mpaka mama akaachia ukosi. Kisha akamgeukia Kiti.

"Nilisema jekundu."

"Nilikusikia."

"Hilo ni la kijani."

"Kumbe," Kiti akasema, na hilo si jibu.

"Kumbe nini? Ulikuwa unaniangalia mimi au unaangalia sanduku?"

Mlango wa kutokea ulikuwa umefunguliwa, naye akapita. "Nilikuwa nakuangalia wewe."

Akacheka, kwa sauti, kichwa nyuma. "Unaitwa nani, nikienda polisi niwe na jina?"

"Kiti."

"Cha kukalia?"

"Cha Kigiriama. Ni jina la babu yangu, na hakukaliwa na mtu."

"Mimi ni Nasipwondi. Usicheke."

"Sijacheka. Jina zito tu. Lataka mtu mwenye mapafu."

"Basi anza kuyafanyisha mazoezi," akasema, akajichukulia sanduku lake, akaenda.

Kiti alirudi dukani bila kile kifurushi. Ilibidi Ogutu akifuate.

Jumatatu, saa mbili asubuhi, Bwana Khubaib aliingia ghalani na mgeni nyuma yake. Khubaib alikuwa mzee wa miaka sitini na minane, kanzu nyeupe, kofia ya vito, simu mbili mfukoni, na duka alilorithi kwa babake.

"Kiti, hebu acha mafungu kidogo. Huyu dada ni wa takwimu. Katoka Bungoma, kasomea Nairobi. Atatazama mauzo yetu ya hapa na ya matawi, kila Alhamisi atupe ripoti, tujue leso gani tuongeze na gani tuache. Ana miezi mitatu ya majaribio, kisha tutampa mkataba inshallah."

Nasipwondi alikunja midomo asicheke. "Tunajuana, bwana mkubwa. Aliwahi kunibebea mzigo wa mtu mwingine."

Mapenzi yalianza hapo, na sitayachelewesha, kwa kuwa mapenzi hayakuwa na shida. Walikula viazi vya karai barazani kwa mama mmoja wa Ndia Kuu, ukwaju ukimchuruzika Nasipwondi kidoleni, naye akilalamika kwamba watu wa Mombasa hutia ndimu hata mahali pasipohitaji ndimu. Kiti alimwonyesha vichochoro vya Mji wa Kale ambavyo mtu akinyoosha mikono agusa nyumba mbili. Alimsomea majina ya leso: "Jiko langu halina mlango wako." "Siku zangu usinihesabie." Alimweleza nani humnunulia nani, na kwa ugomvi gani. Nasipwondi alitaka kujua kila kitu, na simuni hakuchoka.

"Umelala?"

"Nimelala."

"Aliyelala anajibu?"

"Kwa mtu mwenye simu yake, hujibu."

"Kiti wewe, maneno yako utayauza bei gani?"

"Kwako nitayatoa kwa bei ya jumla, mpenzi."

Shida ilikuwa ripoti.

Nasipwondi aliipenda kazi yake jinsi fundi anavyopenda randa. Siku ya kwanza aliwakusanya watu saba ambao wangeipokea: Khubaib, Kiti, mzee Levi wa stakabadhi, na wakuu wa matawi manne. Akaiweka ukutani.

"Kule nilikotoka watu walikuwa wakipewa kurasa kumi na mbili, na hakuna aliyezisoma," alisema. "Mimi nimeifanya ukurasa mmoja. Nimeondoa tarakimu. Nimeondoa maneno. Jina la leso, na mbele yake duara. Kijani, ongeza. Nyekundu, acha. Njano, ngoja. Basi. Inakuja kwenye simu, unaitazama kwa sekunde tano, umemaliza."

Khubaib alipiga makofi. Wengine wakapiga makofi. Kiti alipiga makofi pia, akitazama orodha ya leso arobaini, tano zenye duara la njano na thelathini na tano zenye duara la udongo.

Tangu hapo kila Alhamisi ripoti ilifika, na kila Alhamisi watu wote sita walimjibu Khubaib na Nasipwondi maneno yaleyale: "Asante, imefika." Ni adabu ya hapa. Mtu akikuletea kitu, unashukuru. Kukifungua ni habari nyingine.

Kiti yeye alikwenda nyuma ya ghala. "Ogutu, hebu nisomee, macho yamechoka."

"Macho yako huchoka Alhamisi tu?" Ogutu aliuliza mara moja, halafu hakuuliza tena. Alisoma, Kiti akatia alama kwa kalamu, oda ikaenda kwa mwagizaji kabla ya swala ya Ijumaa, wakati mwagizaji alipofunga vitabu. Baada ya wiki kadhaa Kiti aligundua jambo. Nasipwondi alipanga za kijani juu, kisha njano, kisha nyekundu chini. Zilizo juu ya njano ongeza, zilizo chini yake acha. Alifurahi kama aliyeokota ufunguo. Hakumhitaji hata Ogutu tena.

Katikati ya furaha hiyo Nasipwondi alimpigia simu, sauti kavu.

"Juzi nilikutumia nini?"

"Ulinitumia moyo."

"Moyo wa rangi gani?"

Kiti akakaa kimya. Kwenye kundi la kazini Nasipwondi alikuwa akiwatumia watu wote mioyo, kuwashukuru.

"Kazini natuma ya kijani," Nasipwondi akasema. "Wewe nimekutumia mwekundu. Mara ya kwanza katika maisha yangu namtumia mwanamume moyo mwekundu, nimekaa saa nzima nikijiuliza nitume nisitume. Na wewe umenijibu kwa kidole gumba. Kama tunauziana saruji."

"Nilikuwa na mzigo mkononi."

"Mzigo gani unaoshikwa siku mbili?"

"Laazizi, nisamehe. Nakupenda. Je, hilo lina rangi?"

Alisamehewa. Lakini angesema pale. Palikuwa mahali pazuri kabisa pa kusema, mwanamke anakupenda, amekuuliza rangi waziwazi, simu haina mtu wa tatu. Utamsaidia vipi mtu kama huyu?

Wiki ya kumi, Ogutu alikwenda Siaya kumzika shangazi yake. Wiki hiyohiyo Bwana Khubaib alimwambia Nasipwondi kwamba orodha ingekuwa rahisi kuitafuta kama majina yangepangwa kwa alfabeti. Ombi la busara. Nasipwondi akapanga.

Ripoti ilifika Alhamisi saa tisa. Kiti aliifungua, akaona njano zimetawanyika huku na huku kama kuku walioachiwa. Juu na chini hakukuwa na maana tena. Alisogeza simu dirishani, juani. Udongo mtupu. Akampigia.

"Mpenzi, hii ya leo mbona umeivuruga?"

"Sijaivuruga. Nimeipanga."

"Hii ya 'Jiko langu' hapa juu... yasemaje?"

"Kiti." Alikuwa na matawi mawili yanamsubiri kwenye simu nyingine. "Kijani ongeza, nyekundu acha. Mtoto wa chekechea anaisoma. Umeanza kunichezea?"

Sentensi hiyo ya chekechea ilimfunga mdomo. "Nakuchezea tu," akasema. "Kazi njema."

Akakaa na kalamu. Akajiambia kwamba zile za juu siku zote ni nzuri, na huenda zimebaki kuwa nzuri. Akaandika: "Jiko langu halina mlango wako," jozi mia nne. Upande wa chini wa ukurasa kulikuwa na "Mwali ametoka, furaha imeingia," leso ya harusi. Hiyo akaipita. Oda ikaenda.

Mwezi huo harusi zilikuwa kila Jumamosi na Jumapili. Kina mama walikuja kwa makundi kutafuta sare, wakaitaka "Mwali ametoka," wakaambiwa hakuna, wakavuka barabara hadi duka la pili. Na siku mzigo ulipofika, Ogutu, aliyekuwa amerudi, alishusha mafungu ya leso za ugomvi ambazo hakuna mtu aliyekuwa akigombana kwa kutosha kuzinunua.

Khubaib aliwaita wote wawili ofisini. Feni ilikuwa imeharibika. Nasipwondi alivaa blauzi ya buluu iliyopigwa pasi vizuri, simu mkononi, tayari kujibu.

"Kiti, mwanangu," Khubaib alianza, "jozi mia nne za nini?"

"Nilifuata ripoti."

"Ripoti ilisema acha. Duara hili hapa, jekundu kama damu, naliona mimi mwenye mtoto wa jicho. Na ya harusi ni kijani. Wewe umegeuza kila kitu chini juu. Ulikuwa na nini?"

Hapo ndipo angesema, mara ya tatu. Badala yake alitafuta pa kuegemea, na aliyekuwa karibu alikuwa mwanamke anayempenda.

"Ripoti yenyewe haisomeki," akasema.

Nasipwondi aligeuka polepole. "Haisomeki na nani?"

"Haisomeki tu."

"Watu saba wanaipokea. Kila Alhamisi wanashukuru. Haisomeki na nani, Kiti?"

Lilikuwa swali sahihi kabisa, swali la mtu anayejua kazi yake. Kiti alitazama feni.

Khubaib hakupenda kelele. Alisema kwamba pengine ripoti ina kasoro, pengine haina, na kwa sababu hiyo miezi mitatu ya majaribio ya dada itaongezwa mitatu mingine, tutazame. Nasipwondi alisema, "Sawa, bwana mkubwa," akatoka. Ngazini Kiti alimkimbilia.

"Nasipwondi, nisikilize."

"Nimekusikiliza. Umenisikilizisha mbele ya mwajiri wangu."

"Sikukusudia."

"Ulikusudia nini? Kama ulichukia kuambiwa na mwanamke cha kuagiza, ungeniambia kule kwenye viazi, ningekuelewa ni mshamba, nikale viazi na mwingine. Ulikula na mimi zaidi ya wiki kumi. Ukaniita laazizi."

"Si hivyo."

"Basi ni vipi? Sema ni vipi. Niko hapa, nimesimama, nasikia."

Nasipwondi alingoja, kwa uvumilivu ambao mwanamume yule hakustahili, kisha akashuka ngazi.

Kuanzia siku hiyo alimsalimu "Hujambo, Bwana Kiti," na simu zake hazikupokewa. Kiti alituma ujumbe wa kusalimia, wa kuomba, wa kulaumu, mmoja wa aya ya Zaburi. Ogutu alimsomea rangi kila Alhamisi bila kuombwa, na siku moja, akifunga kamba, akasema, "Mkubwa, wewe si mwizi. Kwa nini unaishi kama mwizi?" Kiti akamwambia afunge kamba.

Zikapita wiki saba.

Siku ya Jumanne ya wiki ya nane, Khubaib aliwaita wakuu wa matawi, na akataka ripoti kwenye karatasi, maana wageni hupewa kitu mkononi. Kiti hakuitwa. Alikuwa ghalani akihesabu mafungu aliposikia hatua za haraka. Nasipwondi alisimama mlangoni, kitambaa cha kichwa kimemlegea, karatasi mkononi. Alikuja moja kwa moja, akaipiga juu ya fungu la leso.

"Nisomee."

"Nini tena?"

"Nisomee hii."

Kiti aliitazama. Majina, maduara, yote kijivu. "Siwezi," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza.

"Hata mimi siwezi." Alikuwa anahema. "Wino wa rangi umeisha kwenye mashine, umebaki mweusi. Imetoka hivi. Nimesimama mbele ya watu, Bwana Khubaib ananiambia, haya dada, tuanze na ya kwanza. Ripoti yangu mwenyewe, nimeichora kwa mkono wangu. Nimeitazama. Kijani na nyekundu zimetoka kijivu kimoja. Sijui niseme ongeza au niseme acha. Nimekaa kimya kama wewe ulivyokaa siku ile." Akainua macho kutoka kwenye karatasi. "Kama wewe ulivyokaa siku ile, Kiti. Na siku ya moyo. Na sanduku la yule mama."

Ogutu, aliyekuwa juu ya ngazi ya rafu, alishuka, akakumbuka kwamba ana kazi nje.

"Unaona hivi?" Nasipwondi aliuliza, kidole juu ya karatasi.

"Si kijivu. Kama udongo. Njano naiona, buluu naiona. Hizo mbili kwangu ni mtu na pacha wake."

"Tangu lini?"

"Tangu kuzaliwa. Mjomba wangu upande wa mama yuko hivyohivyo."

"Na umeuza leso miaka kumi na mmoja."

"Ndiyo."

Alikaa juu ya fungu. Kiti alingoja huruma. Haikuja.

"Wewe mwanamume," Nasipwondi akasema, "unajua ningelitengeneza hilo kwa dakika ngapi? Nne. Naandika neno 'ongeza' mbele ya duara. Naandika 'acha.' Natia tarakimu pembeni. Dakika nne, Kiti. Nilikuwa nakupigia simu kila siku. Nilikuwa nakula mezani kwako. Ulikuwa unataka niombwe kwa barua?"

"Niliogopa. Mwuza leso asiyejua rangi."

"Ukaona afadhali mimi nionekane sijui kazi."

Safari hii Kiti hakutafuta pa kuegemea. "Ndiyo," akasema. "Ndivyo nilivyofanya. Ni kosa langu lote."

Nasipwondi aliifuta pua kwa ukingo wa mkono, kwa hasira. "Na mimi pia mjinga. Niliondoa maneno kwenye ripoti ili isomeke, sikumwuliza hata mtu mmoja anaisomaje. Sasa hivi kule juu nimewauliza. Mzee Levi anasema herufi ni ndogo, hajawahi kuiona vizuri, huwa anajibu tu. Nyevu wa tawi la Likoni, kioo cha simu yake kimeungua rangi, kila kitu kwake ni zambarau. Wa Mtwapa haifunguki kabisa. Na wewe. Watu wanne kati ya saba. Na wote kila wiki, 'Asante, imefika.' Mbona watu wa huku hamsemi?"

"Tungekuvunja moyo."

"Mmeuvunja sasa. Mngeuvunja mapema ningekuwa nimeshaushona."

Kiti alipiga magoti sakafuni, si kwa maringo ya kuchumbia, alitaka tu kuwa usawa wa uso wake. "Nitakwenda kwa Khubaib sasa hivi. Nitamwambia kila kitu, akufutie yale ya majaribio."

"Nenda. Ni haki yangu, nenda ukaniombee." Akaikunja ile karatasi. "Lakini Kiti, mimi nimeshatia saini kwingine. Kampuni ya Nairobi. Mwezi na nusu uliopita, siku ile niliyokuona unacheka na wateja kama vile hakuna kilichotokea. Miezi kumi na miwili. Naanza tarehe moja."

"Vunja."

"Sivunji. Kwetu mtu akitia mkono wake mahali, umetiwa. Na wewe usinifundishe leo habari ya kusema ukweli."

Kiti alipanda ngazi kwa Khubaib. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaivaa, akamwonyesha mtungi wa maua mezani. "Hili ua?"

"Sijui, bwana."

"Subhanallah," Khubaib akasema taratibu. "Na mimi nimekupeleka mara nne kiwandani kunichagulia leso za msimu."

Hakumfukuza. Alimwambia kwamba ghala litabaki lake, kwa kuwa hakuna mtu mwingine anayejua kilipo chochote. Lakini kuchagua rangi mpya za msimu, ile safari ya kiwandani ambayo Kiti aliisubiri mwaka mzima, ile kukaa na wachoraji na kubishana juu ya pindo na jina, hiyo atapewa Kate, anayepokea fedha dirishani. Kisha akamwita Nasipwondi, akamwomba radhi mbele ya watu, akampa mkataba. Nasipwondi alishukuru, akamweleza kwa nini hawezi kuuchukua.

Siku kumi alizobaki nazo alizitumia kuitengeneza ripoti upya, na hakuitengenezea mezani kwake. Alikaa na mzee Levi mpaka herufi zikamtosha. Alivuka feri kwenda kuona simu ya Nyevu kwa macho yake. Alikaa ghalani na Kiti, bega kwa bega, akimwuliza, "Hii waiona? Na hii? Usiniambie ndiyo ya adabu, niambie ndiyo ya kweli." Ongeza ikawa neno, na mshale wa kupanda, na idadi. Acha ikawa neno, na msalaba. Rangi alizibadilisha kuwa buluu na njano, akazibakiza kwa wanaozitaka. Aliijaribu kwa wino mweusi kabla ya kuituma, na Alhamisi ilipofika Kiti aliisoma peke yake, kwa sauti, kutoka juu hadi chini, Ogutu akimsikiliza na kuitikia kwa kichwa kila mstari.

Jumapili ya mwisho walikwenda Kibarani, pale palipokuwa jaa na sasa pamepandwa majani na viti vya kupumzikia. Malori ya bandarini yalipita barabarani bila kukoma, ikawabidi wapaze sauti. Nasipwondi alivaa lile gauni la njano.

"Nitatuma wazee Bungoma," Kiti alisema.

"Watakwenda kusema nini?"

"Kwamba wana kijana, ana kazi, hana deni, haoni nyekundu wala kijani."

"Waanze na hilo la mwisho. Babangu hapendi kugundua mambo baadaye."

"Na wewe wasemaje?"

Alimtazama muda, bado amekasirika, na alikuwa na haki ya kukasirika kwa miezi mingine. "Mimi nasema ndiyo, na nina hasira. Vyote viwili. Ukiniuliza kimoja tu sitakujibu."

"Navichukua vyote."

"Mwaka mzima, Kiti. Mimi Nairobi, wewe hapa. Kwa neno ambalo lingechukua pumzi moja."

"Najua."

"Hujui. Lakini utajua, tarehe moja ikifika."

Tarehe moja ilifika. Wakahesabu hasara, kwa simu, kila mmoja upande wake, kwa sababu Nasipwondi ni mtu wa takwimu na alitaka hesabu kamili. Wiki saba za kutosemeshana. Leso jozi mia nne, ambazo mia tatu na sitini na mbili bado ziko rafuni. Harusi kumi na tisa zilizonunua sare duka la pili. Safari ya kiwandani, imekwenda kwa Kate. Mkataba wa Biashara Street, haukutiwa saini. Mkataba wa Nairobi, umetiwa. Miezi kumi na miwili, na huo ndio kwanza wa kwanza.